Kuomba Kura kwa Simu kutoka Fittja

Binti yangu alizaliwa New Hampshire, Marekani, wakati baba yake anasoma chuo huko, na tuliondoka naye akiwa bado ananyonya. Hana anachokumbuka. Lakini paspoti ya kule anayo, na alipomaliza shule akaanza kusema anataka kwenda kuishi "hemma", yaani nyumbani. Mimi nilidhani nyumbani ni hapa Fittja, Sweden, ambako nimemlea peke yangu tangu baba yake afariki. Kilichomzuia kilikuwa kimoja tu: hakuwa na mtu wa kumpokea kule. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba asimpate.

Ukaja msimu wa kura za maoni za Marekani. Jirani yangu Mkenya, dereva wa basi anayekuja kunywa chai kwangu Jumapili, anaziita kura za mchujo: ni zile za kumpata mmoja ndani ya chama atakayegombea urais. Binti akajitolea kumsaidia mgombea mmoja kwa kuwapigia simu wapiga kura wa lile jimbo alikozaliwa. Jioni kwetu, kule bado mchana, alikuwa anakaa jikoni mwangu na kupiga simu moja baada ya nyingine.

Sikuelewa hata kidogo. Kwetu Morogoro, marehemu baba aliwahi kuchukua fomu ya udiwani. Wajumbe wa chama walikuja nyumbani, wakala pilau, wakamshika mkono mmoja mmoja, wakamwahidi. Siku ya kura wakampa mwenzake. Huyo mwenzake naye vikao vya juu vikamkata jina, akaletwa mtu wa tatu ambaye hata chai hakuwahi kumwandalia mtu. Hizo ndizo kura za maoni ninazozijua mimi.

"Na wewe kadi ya chama unayo?" nikamuuliza binti.

"Mamma, hakuna kadi."

"Sasa watajuaje kama wewe ni mwenzao?"

Akanieleza kwamba kule hata asiye na chama anaingia kituoni, anachagua karatasi ya chama anachotaka, anapiga kura, anaondoka zake bila chama kama alivyokuja. Nilicheka, nikidhani ananitania. Mtu anaingia kwenye harusi ya watu, anawachagulia bwana harusi, halafu anarudi kwake kulala? Binti hakucheka.

Jirani naye alizidi kunichanganya. "Dada, huko kwetu ukiangushwa kwa nomination, jioni hiyo hiyo unahamia chama ingine," alisema huku anakoroga sukari. "Unapewa tiketi, maisha inaendelea."

Binti akamwambia kule hawahami chama, wanahamia jimbo jingine. Kila jimbo lina siku yake, na anayeshindwa hapa anakwenda kujaribu pale. Kura zenyewe zinaleta wajumbe, na wajumbe ndio wanaokwenda mkutano mkuu kumpitisha mtu.

"Wajumbe tena?" nikauliza. Nilisikia uchungu kabisa, kana kwamba nimewaona wale wale waliokula pilau yetu wakishuka kwenye ndege. Nikaondoa vikombe mezani kabla jirani hajamaliza chake.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni adabu ya mwanangu. Mtu akipokea simu tu, yeye anataja jina lake na papo hapo anauliza, je, utampigia kura fulani? Hajasalimia! Watu walikuwa wanamkatia, na yeye anabaki anaitazama meza. Nilipaswa kufurahi, maana kila aliyekata simu alikuwa ananibakishia mtoto. Ila niliona haya. Watu wa mbali wangesema hakufunzwa kwao.

Nikazima jiko. "Humwombi mtu kura kabla hujamuuliza ameamkaje," nikamwambia. "Muulize baridi ikoje, watoto hawajambo? Akiwa mzee, anza na miguu." Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Södertälje, habari za miguu nazijua.

"Sluta, mamma," akasema, yaani niache. "Nimeandikiwa cha kusema."

"Basi ukisome baada ya miguu."

Simu iliyofuata ilipokelewa na bibi mmoja. Binti alinikata jicho, kisha akamuuliza kwa Kiingereza ameamkaje, theluji imewafanyaje, na miguu je. Halafu yule bibi akaanza kuzungumza, na hakuacha. Goti linamsumbua. Mume amekufa. Mwanawe yuko California na hapigi simu. Mimi naosha vyombo, nasikia mwanangu anampa pole, na ninajisifu moyoni. Walipofika kwenye kura, bibi alisema yeye anampa mwingine, yule hasimu mkubwa wa mgombea wetu. Kisha akaomba namba ya binti.

Hapo nilichanganyikiwa moja kwa moja. Kwetu kambi mbili za chama kimoja hazisalimiani hata msibani. Hawa wawili wakawa wanapigiana simu kila wiki, wanabishana, wanacheka, wanaagana kwa upendo. Nami, bila akili, nikawa nawasimulia wenzangu kazini jinsi binti yangu anavyojua kuishi na watu.

Mgombea wetu akashindwa New Hampshire. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilimpa binti pole kwa sauti ya msibani, ndani napiga vigelegele, na nikampikia wali wa nazi. Wiki zilizofuata yule bwana akashindwa na kwingine, akajitoa, akapanda jukwaani kumnadi yule yule aliyekuwa akimsema vibaya. Binti alilia kidogo, akanawa uso, akaenda kazini. Nikajua mambo ya Marekani yamekwisha.

Jumamosi moja alishuka dukani akaisahau simu mezani. Ikalia. Nikaipokea ili nimwambie aliyepiga asubiri kidogo, kumbe ni yule bibi.

"Wewe ndiye mama yake," akasema. "Ni wewe niliyekuwa nataka kuzungumza naye."

Akaniambia ana chumba kitupu juu, kinaangalia mti. Amemwambia binti aje akae humo, wasaidiane, na binti amekubali, ila ameshindwa kunieleza. Yeye kama mzazi asingeweza kumchukua mtoto wa mwenzake kimyakimya. Ndiyo maana anauliza: je, namruhusu?

Nikavuta kiti, nikakaa. Nilitaka kumchukia. Nilitafuta neno baya la Kiingereza na nayajua mengi, lakini mtu ameniomba kwa heshima kama vile ndugu wanavyoomba. Laiti angekata simu siku ile kama wenzake! Machozi yalikuwa yanashuka na sikujua kama ni ya hasira au ya kitu gani.

Bibi akauliza polepole mtoto anapenda kula nini.

Nikamwambia hali vitunguu vibichi, na asubuhi asimsemeshe mpaka amalize chai.