Mpeleka Maji

Katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi hapa Toongabbie yuko Mbelgiji aliyemaliza ujana wake kwenye mbio za baiskeli za kulipwa. Miguu bado anainyoa, kama wafanyavyo waendesha baiskeli wa mashindano. Kila mchana huchukua chupa za maji jikoni, akazisokomeza ndani ya shati, kifuani na mgongoni, kisha akapita meza kwa meza akigawa. Yeye hunywa mwisho. “Mzee, ulishinda mara ngapi?” nilimuuliza siku moja, kwa Kifaransa changu cha Bujumbura. Akacheka mpaka chupa zikagongana. “Kushinda kulikuwa kazi ya kapteni wa timu, binti yangu. Mimi nilimpelekea maji.”

Mwaka 2014, siku ya michezo, tulishindanisha viti vya magurudumu uani. Yeye alimsukuma bibi mmoja mkali aliyekuwa amegoma kutoka chumbani tangu Krismasi. “Shika vizuri, kapteni!” alimpigia kelele njia nzima. Wakafika wa kwanza, bibi mikono juu, anacheka kama mtoto. Mbelgiji akachomoa chupa mgongoni, akamfungulia. Bibi akairudisha. “Kapteni anaamuru: leo unaanza wewe.” Mbelgiji akainywa yote, maji yakimtiririka kidevuni, nasi tukampigia vigelegele.