Mke Wangu Alipoanza Kuandika Tena

Mke wangu alikuwa ameshazikwa, na nyasi zimeshaota juu ya kaburi lake huko magharibi, alipomwandikia rafiki yake wa Dandora kumuuliza kama magoti yamepata nafuu.

Rafiki huyo hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe nyumbani kwangu Lucky Summer, hapa Nairobi, na mtu mwenye magoti kama yake hatoki Dandora kwa mguu kwa jambo dogo. Alikaa kwenye kochi, akasema chai atakunywa baadaye, akanipa simu yake nisome. Palikuwa na picha ya mke wangu, ile amejifunga kitambaa cha kijani cha akina mama wa kanisa, na mbele yake maneno haya: Mambo dada, magoti yanaendeleaje? Kuna kitu kizuri nataka nikuonyeshe.

"Shemeji, si yeye," akaniambia. "Yeye hakuwahi kuniita dada, aliniita mwenzangu. Lakini nilijibu kabla sijafikiri. Nilimwambia bado yanauma."

Tulikaa tukiitazama ile simu.

Mitandao yenyewe sitaitaja kwa majina, kwa sababu kila mtu anaijua. Nyumbani kwetu tuliiita ule wa zamani, ule wa video, ule wa kelele, na kundi. Mke wangu alikuwa mtu wa ule wa zamani. Alikuwa na kibanda cha mboga za kienyeji karibu na barabara, na wanawake waliotoka kazini walinunua managu na mrenda vikiwa vimeshachambuliwa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa mjini na hawakujua kuvipika. Walimuuliza tena na tena mpaka akachoka kurudia, akaanza kuandika. Aliandika jinsi anavyoongea. Mrenda haung'ati, aliwaambia, ukivutika mpaka kwenye kiwiko ndipo umeiva. Aliwaeleza jinsi ya kuchuja majivu ya maganda ya maharagwe kupata chumvi ya kienyeji, na kwa nini kunde za jana ni tamu kuliko za leo. Wanawake walimfuata kutoka Kakamega, kutoka Mombasa, hata kutoka Uarabuni, walikokwenda kufanya kazi za nyumbani na kukosa mboga za kwao.

Binti yetu, anayefanya kazi katika ofisi ya kiwanda na kupanga chumba Mukuru kwa Njenga, alimshauri mama yake ahamie ule wa video. "Huko kwenu mmebaki wazee tu na watu wa kuuza ploti," alimwambia. Mke wangu akajaribu. Binti alimpiga video akikoroga sufuria, na watu wengi kweli walimtazama, lakini walichoandika kilihusu rangi ya ukuta wetu na mikono yake ilivyonenepa. Akajaribu tena wiki iliyofuata, kisha akaacha. Nilipomuuliza sababu, aliniambia, "Kule wananiangalia. Huku wananisoma." Akarudi kwenye ule wa zamani na hatukuzungumza tena juu ya kuhama.

Mimi wakati huo sikuwa na akaunti popote. Nilifanya kazi kwenye karakana ya reli mpaka nikastaafu, na habari za dunia nilizipata redioni. Nilijiunga baada ya mazishi. Binti alinifungulia akaunti, akanionyesha ukurasa wa mama yake, na kuanzia hapo kila asubuhi baada ya chai nilikaa dirishani nikisoma nilivyokuwa sijavisoma alipokuwa hai. Nilimsikia. Kulikuwa na mahali alikonitaja mimi, kwamba mzee wa nyumba hii hawezi kutofautisha managu na sukuma. Chini ya maandishi yake watu bado waliacha maneno, wengine wa kuomboleza, wengine wakiuliza maswali ya mapishi bila kujua kwamba hakuna wa kuwajibu.

Sasa kulikuwa na wa kuwajibu.

Binti alipokuja Jumapili nilimwonyesha. Alifikiri kidogo, akaeleza kwamba laini ya simu ya mama yake ilikaa muda mrefu bila kutumika, na laini ikikaa hivyo kampuni huweza kumuuzia mtu mwingine. Huenda huyo aliyeipata, au mtu anayemjua, ndiye aliyeingia kwenye ukurasa kwa namba hiyo. Au huenda ni njia nyingine kabisa. Hatukuweza kujua. Aliyeingia alikuwa amesoma mazungumzo ya zamani, ndiyo maana alijua habari za magoti.

Tukatafuta mahali pa kushtaki. Ndani ya ule mtandao mna vitufe vya kuripoti, na kila ukibonyeza unaulizwa: je, mtu huyu anajifanya wewe? Anajifanya mtu maarufu? Anauza vitu vilivyokatazwa? Hapakuwa na mahali pa kusema kwamba anajifanya mke wangu ambaye amekufa, au kama palikuwepo hatukupaona. Tulichagua lililokaribia. Kesho yake jibu likaja kwamba wamechunguza ukurasa huo na hawakuona kosa lolote. Tulituma tena, na safari hii tuliambatanisha picha ya cheti cha kifo. Jibu likawa lile lile, neno kwa neno. Pale karakana mashine ikigoma tulifungua mfuniko, na hata kama hatukuwa na kipuri, angalau tulijua kilichovunjika. Hapa niligeuza simu nikaona mgongo wake mweusi tu.

Siku hizo hizo ukurasa ulianza kuongea na watu wote. Iliwekwa picha ya mke wangu akiwa kibandani, anacheka, na juu yake maandishi kwamba kuna biashara ya mtandaoni iliyobadilisha maisha yake na sasa anataka kuwasaidia akina mama wenzake. Mwanamke mmoja wa Uarabuni alimpongeza na kumshukuru Mungu kwa niaba yake. Nikaandika chini yake, kwa herufi kubwa kwa sababu sikujua kuzipunguza, kwamba mwenye ukurasa huu amefariki na mimi ndiye mume wake. Nilipofungua tena mchana, maneno yangu hayakuwepo. Ukurasa wenyewe pia sikuuona. Nilidhani wameufunga, nikafurahi, nikampigia binti simu. Yeye akatazama kwa simu yake.

"Upo, Baba," akasema. "Ni wewe umefungiwa. Amekublock."

Niliiweka simu mezani. Najua ni mtu fulani nisiyemjua, ameketi mahali fulani, amebonyeza kitufe. Lakini lililofanya hivyo lilikuwa jina la mke wangu.

Binti akasema twende kwenye ule wa kelele, kwa sababu huko ndiko watu wa Nairobi wanakoshtakia kampuni na kampuni zinajibu upesi zisiaibike. Aliandika vizuri, kwa heshima, akaeleza yote. Majibu yalikuja haraka hata tukapata matumaini. Tulipoyasoma, mengi yalikuwa ya watu wanaodai wanamfahamu mtaalamu wa kurudisha akaunti, tumtafute kwa siri, na wote wameandika kwa maneno yanayofanana. Kijana mmoja alifanya mzaha kwamba hapa Kenya hata marehemu wanatafuta riziki. Mzaha wake ulipendwa na watu wengi kuliko malalamiko yetu. Binti aliusoma mara moja, akaenda jikoni, akaosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Nilipoona ameumia hivyo nikasema nitakwenda mwenyewe kwenye ule wa video. Alinikalisha jikoni penye mwanga, nikazungumza. Nilisema mke wangu alikuwa nani, alipika nini, amefariki, na kwamba anayewaandikia si yeye, msimpe chochote. Sikulia. Ile video ilisambaa. Watu wengi walikuwa wema, waliandika pole mzee, pole baba, na wanawake waliokuwa wakipika kwa kumsoma wakajua hapo kwa mara ya kwanza kwamba amekufa. Mmoja alisema amekuwa akingoja miezi yote hiyo aelezwe jinsi ya kukausha kunde, na alidhani mama amemkasirikia. Nilimjibu kwamba hakukasirika. Kukausha kunde sijui.

Kisha mtu akachukua uso wangu akauwekea wimbo wa huzuni. Mwingine akauwekea kicheko. Binti alinionyesha kwa sababu nilimlazimisha. Baada ya hapo jambo jingine likatokea mjini, na wote wakahamia huko. Wenye mtandao wa zamani, ambao ndio tuliotaka watusikie, hawakusikia. Au walisikia na hawakuona kosa lolote.

Ikabaki kundi. Kwenye kundi tuko watu wa ukoo, wa kanisa, na jirani wachache, na huko angalau kila mtu alimjua marehemu kwa sura na kwa sauti. Nilieleza, nikaomba kila mtu aripoti ule ukurasa siku moja, ili wingi wetu uonekane. Shemeji yangu wa magharibi, kaka wa mke wangu, aliahidi kuwaambia watu wa kijijini. Wengi walituma vile vipicha vya viganja vya maombi. Halafu mtu akasambaza tangazo la uongo kuhusu dawa ya presha, likabishaniwa mpaka jioni, na asubuhi kamati ya harusi ikachukua nafasi. Sikuwalaumu. Mambo yao ni mengi kama yangu.

Kabla watu hawajaanza kuripoti, binti alinikumbusha jambo nililokuwa nimelikwepa.

"Wakiufunga, Baba, vyote vinaenda. Mapishi yote. Maneno yake yote."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Sijui. Tunakili kwanza."

Basi tulikaa mezani, mimi, yeye, na rafiki wa Dandora, tukinakili. Mimi nilikuwa nimefungiwa, kwa hiyo binti alipiga picha za kurasa kwenye simu yake na rafiki kwenye yake, wakinisomea niseme ni lipi lisiachwe. Nilisema hakuna la kuachwa. Tulianza na ya karibuni tukishuka kwenda ya zamani. Ukurasa ulikuwa na tabia ya kujirudisha juu ghafla, na kila ukijirudisha ilibidi kushuka upya. Katikati ya kazi rafiki alirukia chini kabisa, kwenye miaka ya mwanzo, akasimamisha kidole. Alikumbuka kwamba hapo pangekuwa na picha ya siku waliyokwenda pamoja kununua miche, na haikuwepo. Wakapekua zaidi. Miaka ya mwanzo ilikuwa inafutwa. Tulikuwa tunashuka kutoka juu na mtu mwingine alikuwa anapanda kutoka chini, na sisi watatu pale mezani hatukuwa na njia ya kumwambia angoje kidogo.

Niliwaomba waongeze mwendo. Nilijua nawahimiza bure, kwa kuwa simu ya rafiki ilikuwa imejaa, akawa anafuta picha za wajukuu wake apate nafasi. Nilimzuia. Alisema wajukuu wapo, atawapiga picha nyingine.

Hatukumaliza. Katikati ya wiki binti alinipigia kutoka kazini, akiongea polepole kama watu wanavyotoa habari za msiba. Ukurasa ulikuwa umebadilishwa jina. Sasa ulikuwa wa mwanaume, picha yake ni gari jeupe, na maandishi ya mke wangu hayakubaki hata moja. Wale wanawake waliomfuata walikuwa bado wapo wote, wanamfuata mwenye gari, na bila shaka wengi wao hawakujua walipitaje wakafika kwake. Watu wetu waliendelea kuripoti kwa muda. Sikuwa na haja tena ya kujua majibu.

Tuliyoyaokoa binti ameyahifadhi, na nakala amenitumia mimi pia. Ameniuliza yawekwe wapi, na tumekaa mara kadhaa kulijadili. Kwenye ule wa video yangeonwa na wengi na kusahaulika kabla ya chakula kuiva. Kwenye ule wa kelele mtu angeyafanyia mzaha. Kundi lina watu wake, lakini lina kamati zake pia, na ujumbe wa asubuhi hauonekani jioni. Ule wa zamani ndio ulikuwa mahali pake, na sitaki kumrudisha huko. Binti anasema hakuna mahali pasipo na shida, tuchague tu. Ninajua anasema kweli. Kila akitaka nichague namwambia tungoje kidogo, na yeye hanisukumi.

Kwa sasa, rafiki wa Dandora akitaka kupika kitu ananipigia simu, nami namsomea polepole, naye anarudia kila neno kwa sauti kana kwamba anasikia kwa mara ya kwanza. Huo ndio mtandao tulio nao. Mwezi uliopita aliomba tusome kuhusu kukausha kunde, tukatafuta bila kuipata, naye akakumbuka kwamba iliandikwa miaka ile ya mwanzo iliyofutwa.

Asubuhi bado naufungua ule wa zamani. Binti hajui, au anajua na ananyamaza. Naandika jina la mke wangu kwenye kisanduku cha kutafutia, na wanatokea wanawake wengine wenye jina hilo hilo. Mmoja anauza viatu Kisii. Mmoja ni mwalimu, anapenda kuweka picha za maua. Mmoja ni msichana tu, amemaliza shule juzi. Nawasoma kidogo, kila mmoja, bila kuwaandikia neno, kisha nafunga simu na kwenda kuosha kikombe.