Mdhamini wa Tata

Mwezi ule Renatha hakutulia hata kidogo. Anauza chakula hapa Kashai, kwenye chumba cha mbele cha nyumba anayopanga, na sisi majirani ndio wateja wake. Alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa, anachungulia barabarani, kisha anarudi kuifuta tena. Leo maharage hayana chumvi, kesho yana chumvi ya siku mbili. Tulikula hivyo hivyo.

Sababu ilikuwa nyumba yenyewe. Mzee Mustapha, mwenye nyumba, alikuwa anahamia kwa binti yake Mwanza na alitaka kuuza. "Nitakusubiri mpaka Idi," alimwambia Renatha. "Baada ya hapo nampa mwenye hela." Na mwenye hela alikuwepo: jamaa mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, kila Ijumaa anakuja kuitazama nyumba huku ameshika kiuno.

Renatha akaenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Kijana wa mikopo alibofya kompyuta, akakunja uso. "Mama, jina lako limeharibika. Kuna mkopo wa pikipiki haujamaliziwa, na wewe ndiye mdhamini. Mkopo huo ukilipwa, rudi. Biashara yako haina tatizo." Jina limeharibika! Mwanamke ambaye ukisahau chenji anakukimbiza nayo mpaka stendi! Nilikasirika kuliko yeye.

Pikipiki ilikuwa ya Lwakatare, mdogo wake wa mwisho, mtoto ambaye Renatha alimbeba mgongoni kwao Kishanda, Muleba. Baba yao alipofariki, ukoo ulimtaja Lwakatare kuwa mrithi. Alivikwa koti la marehemu, akakalishwa kwenye kiti chake, na tangu siku hiyo dada zake wanamwita tata, yaani baba. Wiki haikupita, tata mpya akataka mdhamini wa mkopo wa pikipiki. Wewe ungemkatalia baba yako mbele ya ukoo mzima? Renatha alitia saini. Naye tata alilipa miezi ya mwanzo, kisha akageuka bingwa wa kununulia watu rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Dawa ya deni ni kulipa," nilimwambia Renatha. "Mfuate." Alifunga mgahawa mchana kweupe, akapanda gari la Muleba hata aproni hakuvua.

Alimkuta Lwakatare amekaa kwenye kiti cha baba, pikipiki inang'aa uani. Mama yao, Clotilda, alikuwa anamenya ndizi. Kwao binti hupiga magoti ndipo amsalimie baba. Renatha alibaki amesimama.

"Lwakatare," alisema, "mimi nitalala wapi?"

Mama akaacha kumenya. Kumwita mrithi kwa jina lake, tena mbele ya mama, ni kumvua lile koti. Renatha aligeuka akarudi barabarani, na aliniambia baadaye kwamba njia nzima aliogopa alichokifanya.

Siku zikaenda, roho yake juu. Ikabaki Idi keshokutwa. Yule jamaa akaja na fundi, wakaanza kujadili ukuta upi ubomolewe, na sisi tupo tunakula! Mzee Mustapha naye alikuwepo, anakunywa chai, anaangalia chini kwa haya.

Ndipo Lwakatare akatokea, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi jekundu. Nikamuuliza pikipiki iko wapi, maana mtu huyu hata chooni angeenda nayo. Alimpa dada yake karatasi yenye muhuri wa benki, akabaki mlangoni kama mteja asiye na hela.

Renatha aliisoma, akairudia: mkopo wa pikipiki umelipwa wote. Mzee Mustapha aliomba aione, akavaa miwani, akamgeukia yule jamaa. "Ndugu yangu, mwambie fundi aache kupima. Mimi nitaisubiri benki."

Renatha hakuwa anawasikiliza tena. Alivua aproni, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji, mbele yetu wote.

"Karibu kwangu, tata," alisema.