Mfupa wa Mwalimu Mkuu

Jumamosi walimu wa shule yetu hapa Tabora tulicheza mpira na walimu wa shule jirani, nami nikajipa udaktari wa timu. Sifa yangu ilikuwa semina moja ya huduma ya kwanza, na nusu yake nilisinzia.

Kabla ya mapumziko, Mwalimu Mkuu alikimbilia mpira, akashika nyama ya nyuma ya mguu, akaanguka. Nikabonyeza, akalia. Nikabonyeza tena, akalia zaidi. Nikatangaza uwanja mzima usikie kwamba mfupa umevunjika.

"Mwalimu, nahisi ni msuli tu umekaza," akasema. "Ninyooshe mguu."

"Mkuu, shikamoo, lakini hapa daktari ni mimi."

Nikamfunga rula ya ubaoni kwa tai yangu. Mwalimu wa dini akaanza sala. Halafu, kwa kuwa kijijini kwetu Ipole asali hutibu kila kitu, nikatoa chupa yangu ya asali, nikampaka kuanzia gotini hadi kwenye soksi. Mimi, mtoto wa mfuga nyuki, nikasahau kwamba ni kiangazi, maua yote yamekauka na nyuki wana njaa.

Nyuki wakaja. Watu wakatimka, nami nikakimbia huku roho ikinisuta kwamba nimemwacha mgonjwa afe. Mara nikasikia rula ikigonga pa, pa, pa nyuma yangu. Ikanipita.

Nilipofika ofisini mlango ulikuwa umefungwa. Mwalimu Mkuu alikuwa ndani, amesimama dirishani kwa miguu yote miwili.

"Daktari," akaniambia kupitia kioo, "huduma ya kwanza utajipa mwenyewe."