Mungu wa Mdomo wa Mto

Nilipohamishiwa Mtwara kufundisha, mchana wa Jumapili baada ya ibada ulikuwa mrefu mno. Nikaanzisha mchezo niliojifunza chuoni: mmoja anasimulia ulimwengu wa kubuni, wengine wanakuwa watu ndani yake, na dadu zinaamua nani anapona. Tulikuwa watatu, sebuleni kwangu, mtaa wa Ufukoni: mimi msimulizi, mwalimu mwenzangu wa hesabu, na jirani yangu muuza vitenge, ambaye wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji.

Kutunga miungu ilikuwa kazi yangu. Mwaka jana nikatunga mmoja mbaya, aishiye chini ya tope pale mto unapoingia baharini. Watu waliacha kumtambikia hata jina lake likapotea, naye kwa hasira akajifunza kuwaita wapita njia kwa sauti za ndugu zao. Anayeitika haonekani tena.

Mwalimu wa hesabu akacheka, akasema huyo ni kiboko. Jirani hakucheka. Aliuliza nani amenisimulia. Nikamwambia nimemtunga mwenyewe jikoni, nikisubiri maharage yaive. Akaeleza kwamba bibi yake aliwakataza kuitika wito wowote utokao kwenye mikoko mpaka wamwone anayeita. Kwa nini, bibi hakusema. Na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akileta mahindi kwa mtumbwi kutoka ng'ambo, alipotelea hapo hapo mdomoni mwa Ruvuma. Mtumbwi ulipatikana na magunia yake ndani, makavu.

Nikasema basi, namfuta huyo mungu. Akakataa. Jumapili iliyofuata alifika kabla ya mwenzetu, na tulipoanza tu akasema mtu wake wa mchezoni anashuka mtoni.

"Mwalimu, leo aniite."

"Dada, tuache hayo."

"Aniite. Mdogo wangu alikuwa akisema, dada, nipokee."

Nikayasema maneno hayo. Sauti iliyonitoka haikuwa ile ninayoitumia kwa miungu. Ilikuwa ya kijana, yenye lafudhi ya ng'ambo ambayo sijawahi kujifunza. Mwalimu wa hesabu alibaki na dadu mkononi.

"Abee," jirani akaitika. Alikuwa ameinuka nusu, mikono mbele, kama mtu anayepokea gunia.

Kwa kanuni za mchezo nilipaswa kumuua mtu wake, maana ameitika. Sikuweza. Nikasema maji yametulia, hakuna mtu. Akaketi, akajifuta uso kwa khanga. Akasema hata siku ile mdogo wake alipopotea ilikuwa hivyo: alisikia akiitwa, akaitika, akatoka mbio kwenda kumpokea, asikute mtu. Nyumbani hakumwambia yeyote kwamba aliitika.

Mwalimu wa hesabu hakuja tena. Anasema ana masomo ya ziada. Sisi wawili tunaendelea, ila mtoni hatupiti.

Juzi asubuhi nilikuwa naanua nguo uani nikamsikia mama yangu akiniita kutoka upande wa baharini, kwa jina la utoto ambalo hapa hakuna mtu anayelijua. Mama yuko Bukoba. Nilikumbatia shuka lililolowa umande, nikafunga mdomo mpaka sauti ikakoma. Kisha nikampigia simu. Alikuwa mzima, anamenya ndizi. Aliniuliza mbona nahema.