Kupokea kwa Kushoto

Sijawahi kuupenda mchujo. Nimefundisha michezo katika sekondari hapa Karatu miaka mingi, na bado kila ratiba ya michezo ya taifa ya shule inapobandikwa ukutani, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nani kapangiwa makundi na nani kapangiwa mchujo. Watoto wa netiboli, wavu na soka wanacheza kwa makundi. Ukifungwa leo una kesho, unaweza ukavuka kwa tofauti ya magoli, na hata ukitolewa umeshauzoea mji na umeshapata marafiki wa mikoa mingine. Lakini mtoto wa riadha anasafiri kwa basi siku mbili, analala chini kwenye darasa la watu, halafu anakimbia sekunde kumi na tatu na kuambiwa asante kwa kushiriki. Wenzangu wanasema nalalamika kama mama mkwe. Wanasema kweli.

Mwaka juzi tulipeleka timu ya kijiti ya wasichana, ile ya mita mia kwa nne. Mkoa wetu una utaratibu kwamba timu ya kupokezana ikishinda haichambuliwi, inakwenda nzima kama ilivyo, maana mikono iliyozoeana ni bora kuliko miguu ya wageni wanne. Utaratibu huo naupenda. Tukashinda mkoani sisi wa juu huku, Karatu na Ngorongoro kwa pamoja, na mimi nikapewa kuwa mlezi na kocha wao.

Wa kwanza alitoka Endabash, kadogo, kepesi, bastola ikilia kameshaondoka. Wa pili alikuwa wa hapa mjini, binti wa dereva wa watalii, mwenye maneno mengi ya Arusha, nikipandisha sauti ananiambia, "Madam, tuliza mzuka." Wa tatu alikuwa wa Kansay, na wa mwisho alitoka Ngorongoro, kule juu kwa wafugaji. Hao wawili wa mwisho ndio waliopunguza uzito wangu mwaka ule.

Yule wa Kansay alikuwa kidato cha nne, kwa hiyo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mwaka uliotangulia alikimbia nafasi hiyo hiyo ya tatu, katika mchujo huo huo wa taifa, na wakati wa kumkabidhi mwenzake kijiti kikaanguka. Timu ikafutwa palepale. Aliyekiangusha hasa hakujulikana, maana kijiti kikiwa katikati ya mikono miwili kila mmoja husema kilikuwa kwa mwenzake, lakini kwao iliamuliwa kwamba ni yeye. Mwaka mzima wakamwita Kijiti. Shuleni walimwita hivyo, mnadani pia, na mpaka mama mmoja muuza vitumbua alimwambia, "Shika vizuri, Kijiti, visije vikadondoka." Aliponisimulia alikuwa anacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu. Alisema hataki medali. Anataka kukifikisha kwenye mkono wa mtu, basi.

Mkono huo ulikuwa wa yule wa Ngorongoro. Alikuwa kidato cha pili, mrefu, mpole, mwenye aibu ya kukutazama usoni, lakini akimwona mtu mbele yake hawezi kuvumilia mpaka ampite. Niliwahi kumuuliza kajifunza wapi kukimbia vile. Akanijibu kwamba ndama hawasubiri.

Tuliweka kambi shuleni kwangu, tukafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule, ulioinamia upande wa korongo. Chokaa ilipokwisha tulichora mistari kwa majivu ya jikoni. Asubuhi za mwezi wa sita ukungu unashuka mpaka magolini, mtoto akisimama upande wa pili unamsikia tu anapiga chafya. Barabarani landkruza za watalii zinapita kuelekea geti la Ngorongoro, na baba wa yule wa mjini akipita hupiga honi mpaka binti yake anajificha nyuma ya wenzake.

Sasa, asiyejua mbio hizi nimweleze. Katika mita mia kwa nne, anayepokea hageuki. Anaanza kukimbia akiwa amempa mgongo mwenzake, akisikia neno "mkono" ananyoosha mkono nyuma bila kutazama, na kijiti kinatua. Mikono nayo inapishana: wa kwanza anabeba kwa kulia, wa pili anapokea kwa kushoto, wa tatu kwa kulia, wa nne kwa kushoto. Kwa hiyo mkimbiaji wa mwisho anapokea kitu kwa mkubwa wake huku amempa mgongo, hamtazami, na kwa mkono wa kushoto.

Mtoto wa watu alishindwa kabisa. Siku ya kwanza alisikia "mkono", akasimama, akageuka, akapokea kijiti kwa mikono miwili huku amepinda magoti kidogo, halafu ndipo akaondoka mbio. Wenzake wakalala chini kwa kicheko. Nami nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikamwelekeza. Akaitikia ndiyo Madam. Zamu iliyofuata akafanya vilevile.

Ningekuwa mtu wa Dar labda ningemwona mjinga. Lakini mimi nimezaliwa Buger, kwa mama ambaye ukipokea kibuyu chake kwa kushoto unakula kofi kabla hujala chakula. Huyu naye alilelewa na koko wake, yaani bibi yake, mwanamke ambaye wajukuu wake hukaribia wameinamisha kichwa ili awaguse ndipo salamu iwe imeanza. Yule wa Kansay alimzidi miaka kadhaa, na pale kambini ndiye aliyempokea, akampa nusu ya godoro lake na kumwonyesha mambo yote. Alikuwa anamwita dada, na alimaanisha. Kumpa dada yako mgongo akikuletea kitu ni kumwambia hukitaki, wala yeye mwenyewe humtaki.

Nikajaribu ujanja. Nikamweka aanze yeye, kwa sababu anayeanza hapokei kwa mtu. Bastola ikilia, anainuka kwanza kuangalia nani kafyatua. Nikamrudisha mwisho. Nikamfanyisha zoezi kwa mimi mwenyewe kumpa kijiti, nikaona nimezidi kuharibu, maana kwangu alipinda magoti mpaka karibu aguse majivu. Nikamweka yule wa mjini ampe, na huyo akapokelewa vizuri mara moja, kwa kushoto, mgongo umegeuka, kwa sababu kwa maneno yake na utani wake hakuna aliyemhesabu kuwa mkubwa. Lakini yule wa mjini hawezi kukata kona, na wa tatu ndiye anayekimbia kona. Nilifoka sana wiki ile. Koo liliniuma nikanywa maji ya tangawizi.

Pole pole akazoea. Kufikia mwisho wa kambi alikuwa anapokea bila kugeuka, ingawa kila wakimaliza alikuwa anamfuata dada yake na kumwomba radhi. Nikasema hewala, radhi aombe tu, alimradi kijiti kimefika.

Michezo ilikuwa kusini, kwenye joto. Watoto wangu waliozoea kulala na sweta walilala wametandaza kanga sakafuni, na chai ya moto ikawashinda. Uwanja ulijaa mikoa yote, kila mkoa na rangi yake na kwaya yake, maana hata kwaya na ngoma zinashindaniwa na zinaingia kwenye pointi za jumla. Yule wa Ngorongoro alikuwa hajawahi kuona watu wengi hivyo mahali pamoja bila ng'ombe.

Mchujo wetu ulikuwa asubuhi. Washindi wawili wa kila mbio wanavuka moja kwa moja, na nafasi zilizobaki wanapewa walioshindwa wenye muda mzuri zaidi. Endabash akaondoka kama kawaida yake. Wa mjini akakimbia bila kuongea, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Yule wa Kansay akaingia kwenye kona tukiwa mbele, naona kabisa tuko mbele, akalia "mkono". Na pale, mbele ya jukwaa zima, yule wa Ngorongoro akasimama, akageuka, akapokea kijiti kwa mikono miwili na magoti yamepinda.

Jukwaa likaangua kicheko, halafu likapiga makofi. Wazee wa pale walifurahi sana. Mmoja akasema huyu mtoto ana adabu. Mimi adabu ile ilikuwa inanitoa roho. Akageuka, akakimbia, akawapita watu mpaka nikasahau kupumua, tukamaliza wa tatu. Tukavuka kwa muda. Mshindwa bora, ndivyo wanavyoita, na ni jina ambalo sijui kama ni sifa au tusi.

Nilijua la kumwambia, na lote lilikuwa baya, kwa hiyo nikaenda kwanza kununua maji. Niliporudi, yule mtoto alikuwa bombani anafua soksi, analia bila sauti. Yule wa Kansay alikuwa amesimama pembeni yake. Nikabaki nyuma ya ukuta wa choo, na sitasema nilikuwa nimepita tu.

Mdogo alikuwa anaeleza kwamba mazoezini ilikuwa ni mchezo. Lakini leo watu wamejaa, watu wazima wamevaa vizuri, na yeye ampe dada yake mgongo mbele yao wote? Koko akisikia atasema amelea nini.

Yule wa Kansay akachuchumaa karibu naye. Nilidhani atamwambia habari zake za mwaka uliotangulia, za jina la Kijiti, kwamba ndoto yake yote iko kwenye ule mkono. Hakumwambia neno hata moja la hayo. Alimuuliza, "Mimi na wewe nani mkubwa?"

"Wewe, dada."

"Mkubwa akikutuma, unaweza kukataa?"

"Siwezi."

"Basi nakutuma. Kesho unipe mgongo, upokee kwa kushoto, na usiniangalie mpaka ufike mwisho. Koko akiuliza, mwambie ulitumwa."

Yule mtoto akafuta machozi kwa soksi yenye sabuni, akaanza kulia upya kwa ajili ya sabuni, wote wawili wakacheka. Mimi nilirudi na maji yangu. Hotuba niliyokuwa nimeiandaa niliimeza, na kwa mtu wa hasira kama mimi hotuba haimezeki kirahisi. Nilijiona nimelipwa mshahara wa bure wiki zote zile, na bado nilikuwa na furaha mpaka nikawanunulia wote wanne soda.

Fainali ilikuwa jioni iliyofuata. Mshindwa bora hupewa njia mbaya, tukapewa ya nje kabisa, ambako huoni mtu mpaka amekupita. Nilisimama kwenye kona ya mwisho, pale kijiti kinapokabidhiwa mara ya mwisho, maana sikuwa na sababu ya kusimama kwingine. Bastola ikalia. Mwanzo ulikuwa mzuri, wa pili tukapoteza kidogo, na yule wa Kansay alipoingia kona tulikuwa wa sita au wa saba. Alikimbia vibaya siku ile, niseme ukweli. Mabega yalimpanda, mdomo umekazwa, amekishika kile kijiti kama mtu anayebeba yai.

Yule wa Ngorongoro alikuwa anamsubiri. Dada yake alipofika kwenye alama, yeye akageuka, akampa mgongo, akaanza kukimbia. Sauti ikatoka, "Mkono!" Mkono wa kushoto ukaenda nyuma, umenyooka, kiganja wazi, hakutazama. Nikaona kijiti kinatua na vidole vinafunga.

Halafu akaondoka, na sidhani nimewahi kuona kitu kizuri kama mita mia zile. Alimpita mmoja, akampita wa pili, na wa tatu akampita karibu na utepe. Nilikuwa napiga kelele kwa lugha ya kwetu bila kujua, na mwalimu wa mkoa mwingine alinishika begani akidhani nimepatwa na jambo. Wakaingia watu wanne kwa mkupuo mmoja. Waamuzi wakainamiana, wakanong'ona, wakatoa matokeo: sisi wa nne. Medali zinaishia kwa wa tatu. Nikaanza kushuka nikawaulize wameangalia kwa macho yapi, na nilikuwa na maneno ya kutosha.

Nikampita yule wa Kansay. Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi pale pale alipoachia kijiti, uso ameufunika kwa mikono yote miwili. Nikasahau waamuzi. Nilidhani analilia medali, nikainama nimwambie pole, kwamba wa nne nchi nzima si kitu kidogo, na nyumbani nitawaeleza mwenyewe.

Hakuondoa mikono usoni. Alikuwa amefumba macho tangu alipokiachia, hakuona lolote la zile mita mia za mwisho, na kelele zote zile za jukwaa hakujua ni za nini.

"Madam," akaniuliza, "alikishika?"

Nikamwambia alikishika. Akauliza tena, nikamwambia tena. Ndipo akafumbua macho na kutazama mbali kule mwisho, ambako yule mdogo wake alikuwa bado anarukaruka na kijiti mkononi, amegoma kumrudishia mwamuzi. Sikumwambia tumekuwa wa ngapi, na yeye hakuuliza. Nikakaa naye kwenye nyasi, mtu mzima na sketi yangu, nikalia kuliko yeye, mpaka wa mbio zilizofuata wakaja kutuomba tupishe.