Kilima Alichokichagua Babu Yako

Ipo siku moja, mwanangu Furaha, ambayo hainitoki kichwani: siku babu yako aliposimama nusu ya siku chini ya kilima cha theluji, fimbo mkononi, akitazama watoto wa watu wakianguka.

Ilinirudia jana uliponipigia simu kutoka huko kwenu Highview. Umenitumia picha za vilima vitatu vya ski, vya kuteleza kwenye theluji, unataka nikwambie kipi kinawafaa watoto wako, mmoja wa miaka mitano, mwingine wa mitatu. Halafu ukashusha sauti, ukasema kwenye kikundi cha maombi wamekucheka. Eti mkimbizi anakwenda kutafuta nini kwenye barafu, eti mambo hayo ni ya wazungu. Na sasa mume wako naye ameanza kusitasita. Bon, sawa. Mimi sisitasiti. Wapeleke. Ila kwanza nisikilize, maana kosa unalotaka kulifanya mimi nilishalifanya, na aliyeumia ni wewe.

Tulikuwa bado Whitehall, kule Columbus, mwaka wetu wa pili Amerika. Ulikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa kijana, hasira ziko karibu, nafanya kazi ghalani, kutwa nimesimama kwenye mkanda unaopitisha maboksi. Wakati wa chakula wenzangu wakawa wanaongea habari za kupeleka watoto kwenye ski. Nikauliza ni wapi huko. Msimamizi wetu akacheka, akasema ninyi watu wa Afrika mtakufa kwa baridi kabla hamjafunga viatu. Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, mwanangu, na hicho kicheko changu ndicho kilichoniuma kuliko chao.

Hakujua nimezaliwa wapi yule bwana. Nimezaliwa juu kwenye milima ya Kivu ya Kusini, mahali ambapo asubuhi unakamua ng'ombe vidole vimekufa ganzi. Miteremko ile tuliishuka peku, mvua inanyesha, mtungi wa maji kichwani. Anifundishe nini mimi kuhusu mlima? Nikasema moyoni, huyu nitamwonyesha.

Nikaenda maktaba, nikafungua kompyuta, nikachagua mlima kwa picha. Nilichukua mrefu kuliko yote niliyoiona, mwendo wa saa tano kwa gari. Nikamwonyesha babu yako ile karatasi niliyochapa. Aliitazama mbele, akaigeuza nyuma.

"Umekwenda kupaona?"

"Baba, haya si malisho. Picha si hiyo hapo."

"Aliyeipiga ni nani?"

"Ni wenyewe wa mlima."

Akaendelea na chai yake. Nilimwona mzee wa zamani, asiyejua nchi tuliyoingia.

Wewe unakumbuka vipande tu vya safari ile, mimi ninaikumbuka yote. Mahali pa kufundishia watoto palikuwa upande wa pili wa mlima, na siku hiyo palikuwa pamejaa. Nikasema hatuhitaji mwalimu. Tukapanda, mimi na wewe, kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya. Kule juu tulianguka palepale tuliposhukia, upepo unakata masikio, watu wanatupita kwa kasi kushoto na kulia. Ulinishika mguu ukakataa kuuachia. Sikuweza kukuteremsha, na mimi mwenyewe sikuweza kusimama. Tulikaa kwenye theluji mpaka wakaja wanaume wenye makoti mekundu, wakakufunga kwenye kitanda chao cha kuburuta, wakakushusha umefunikwa blanketi. Chini watu wamesimama wanatazama. Ulikuwa umejikojolea, mwanangu, na aibu ilikutesa kuliko baridi.

Ndani ya gari hukulia. Ulitazama dirishani, ukasema kwa Kiingereza, maana tayari ulikuwa umeanza kunijibu kwa Kiingereza, kwamba theluji si ya watu kama sisi.

Nilikaribia kusimamisha gari. Maneno ya msimamizi wangu yalikuwa yametoka kinywani mwa mtoto wangu, na aliyeyatia humo ni mimi. Kuanguka kungepona. Mtoto anayeamini kuna ardhi isiyo yake katika nchi anayokulia, huyo ungemponya kwa dawa gani?

Nyumbani, babu yako alingoja nikuogeshe, nikulaze, ndipo akaniita kwenye kiti cha karibu naye.

"Mlima ule ulimchagulia nani?"

"Nilimchagulia mtoto."

"Hapana. Ulimchagulia yule aliyekucheka. Yeye ndiye uliyekuwa naye machoni njia nzima. Mtoto ulimbeba tu."

Alikuwa amenishika pabaya. Akaniuliza kama nakumbuka tulivyokuwa tunahama na ng'ombe wakati wa kiangazi. Nilikumbuka. Kabla kundi halijaondoka, yeye alitangulia peke yake kwenye malisho mapya, akalala huko siku mbili. Safari moja nilimfuata nimebeba kibuyu cha maziwa. Mimi nilikimbilia juu kutazama nchi, yeye nikamwacha chini kwenye kijito, anapima tope kwa fimbo. Nilipomuuliza mbona hapandi, alisema fahali atajitafutia mwenyewe, yeye amekuja kumtazamia ndama mahali pa kusimama.

"Sasa mtoto ameshaamini mlima si wake," akaniambia. "Utamrudisha, au utamwachia yule bwana awe amesema kweli?"

Jumamosi iliyofuata tulikuacha kwa jirani, tukaenda wawili, kwenye kilima kidogo kisichofika mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani. Kilikuwa kibaya cha sura, nakwambia ukweli. Theluji iliyotengenezwa kwa mashine katikati, nyasi za kahawia pembeni. Nilitaka turudi. Babu yako akasema nizime gari.

Akasimama chini. Hakutazama juu hata kidogo. Alitazama mtoto akianguka anaviringika mpaka wapi, akaona pale chini pako tambarare, anasimama mwenyewe. Alitazama wale wa kasi wanapita wapi, akaona kuna wavu unaowatenga na watoto. Alitoka pale kilimani kwa miguu, na fimbo yake, akaenda mpaka chooni, akarudi, akasema mtoto anawahi kufika. Tukaingia ndani kwenye chumba chenye madirisha makubwa, akafungua chupa yetu ya chai na mandazi yetu, akala taratibu, aone kama kuna atakayetufukuza. Hakuna aliyetusemesha. Na kwenye dirisha lile, hata mzee asiyeweza baridi angemwona mjukuu wake wakati wote.

Kisha akaniambia nimtafsirie kwa mwalimu mmoja wa watoto, binti mwenye mashavu mekundu. Mtoto akilia unafanya nini? Yule binti akafikiri kidogo, akasema, ninakaa chini naye kwenye theluji mpaka amalize. Babu yako akatikisa kichwa kukubali, akavaa kofia yake. Alikuwa amechagua.

Kulikuwa na kitu kingine kilichonichekesha peke yangu. Pale hapakuwa na kiti cha kuning'inia kwa wanaoanza. Kulikuwa na mkanda, mkanda uleule wa ghalani, wameulaza kwenye mteremko, unapandisha watoto badala ya maboksi. Kitu hicho mimi nilikijua kuliko wote waliokuwa pale.

Wiki iliyofuata tukakuleta, nawe ukakataa kutoka kwenye gari. Ulishika mlango kwa mikono miwili. Nilibembeleza, nikatishia, nikachoka. Babu yako alikwenda zake kwenye mkanda, koti refu, kofia, fimbo. Mama aliyesimamia pale akamwambia haruhusiwi kupanda bila ski. Babu yako alijua Kiingereza cha kutosha kuelewa neno hapana, lakini siku hiyo alikisahau chote. Akapanda. Kule juu akageuka, akasimama, akakuita jina lako kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde.

Furaha, kilima kizima kiligeuka. Mashine zinanguruma na bado kila mtu alisikia. Mimi nilitaka ardhi inimeze, halafu nikajiuliza, inimeze kwa kosa gani? Wewe ulitoka kwenye gari unacheka na machozi yanakutoka. Yule binti akakuvalisha ski, mkapanda mkanda pamoja. Ulishuka umekunja magoti, mikono mbele. Ulianguka mara moja, akakaa chini nawe. Ulipofika pale tambarare ukasimama mwenyewe. Nilidhani utanijia. Ulinitazama tu, ukageuka, ukarudi kwenye mkanda bila kumwomba mtu ruhusa. Ulipanda na kushuka mpaka walipozima mitambo.

Jumatatu nilimwambia msimamizi binti yangu ameshuka kilima. Akauliza kipi, nikakitaja. Akacheka tena, akasema kile ni cha watoto wachanga. Nikamjibu, ndiyo, kwa sababu mimi nina mtoto. Sikucheka naye. Nikarudi kwenye mkanda wangu.

Donc, kwa hiyo, mwanangu, kati ya picha zako tatu sikuchagulii hata moja. Mmoja wenu aende kwanza, wewe au mume wako, bila watoto, asimame chini nusu ya siku. Atazame wanapoanguka wadogo, wanapopita wenye kasi, choo kiko umbali gani, na kama mtakula chakula chenu bila kuangaliwa vibaya. Amuulize mwalimu swali la babu yako. Umchagulie yule wa miaka mitatu, wa mitano atafurahi palepale. Kama kilima kina sura mbaya, acha kiwe nayo.

Na usichague kwa ajili ya wale wa kikundi cha maombi, wala kwa kuwatii wala kwa kuwakomoa. Wakikuuliza nani amekwambia watu wetu wanapanda milima ya theluji, waambie babu yako alipanda kwa fimbo, akakataa kushuka mpaka mjukuu wake atoke kwenye gari. Mimi huku Buffalo nimeshanunua glavu za watoto. Mtakapokwenda nitakuja, nikae dirishani na chai.

Mungu aliyetushusha salama milima ile ya Kivu tukikimbia, awashushe wanao salama mlima huu wakicheka.